Mafunzo ya Roho Shambani na Zizini

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu alijua kwa mikono yake, ijapokuwa huenda hajapata nafasi ya kukaa chini akalifikiri. Jambo lenyewe ni kazi ya shamba na kazi ya mifugo, na yale ambayo kazi hizo zaweza kuifundisha roho ya mtu. Hatukuja kuwafundisha kulima. Wengi wenu mmeshika jembe miaka mingi kuliko miaka tuliyoshika chaki. Twataka tu kutembea nanyi katika njia ile ile mpitayo kila siku, kutoka nyumbani kwenda shambani, na kutoka shambani kwenda zizini, tukisimama hapa na pale na kuuliza: Kazi hii yatuambia nini?

Iko sababu ya kuchagua habari hii. Sisi tufundishao katika chuo cha ualimu huwapokea vijana wengi kila mwaka. Huja na akili njema na moyo wa kupenda kujifunza. Walakini wengi wao huja pia na wazo moja lenye madhara, nalo ni kwamba kazi ziko za namna mbili. Namna ya kwanza, wasema, ni kazi safi, ndiyo kusoma, kuandika, kusali na kuhubiri. Namna ya pili ni kazi chafu, ndiyo kulima, kuchunga na kuzoa samadi. Kijana wa namna hiyo akipewa kitabu hukipokea kwa mikono miwili. Akipewa jembe huliburuta kama mtu aliyehukumiwa. Wala wazo hilo halikuota peke yake. Katika shule nyingi, kwa miaka mingi, mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele alipelekwa kulima, na mtoto mtulivu akaachwa darasani. Basi watoto wakajifunza bila kuambiwa kwamba jembe ni ndugu wa fimbo.

Fikirini hatari yake. Kijana huyo kesho atakuwa mwalimu, naye atasimama mbele ya watoto 40 au 50 katika chumba kimoja. Asipobadili wazo lake, atawafundisha watoto hao kuidharau kazi iliyowalisha. Na mtoto aidharauye kazi iliyomlisha hawezi kuishia kwenye jembe tu. Mwisho humdharau na yule aliyelishika, yaani mama yake na baba yake. Hapo ndipo hasara inapoingia nyumbani, nayo ni hasara ya roho, si ya mazao.

Tena, wale tunaowaheshimu katika dini hawakufikiri hivyo. Musa, ambaye Wakristo na Waislamu humheshimu vile vile, alichunga wanyama wa mkwewe miaka mingi kabla ya kuongoza watu. Nabii Amosi alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu. Bwana Yesu alipotaka watu waelewe mambo ya Mungu aliwaonyesha mpanzi, na mbegu, na kondoo aliyepotea. Mtume Muhammad alichunga wanyama katika ujana wake, na Kurani hurudia mara nyingi kuitaja nchi iliyokufa ikahuishwa kwa mvua kuwa ni dalili kwa watu wenye akili. Ikiwa waalimu hao hawakuona haya kusema habari za udongo na zizi, sisi tutaona haya kwa sababu gani?

Basi na tutoke nyumbani, twende shambani.

Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, nchi ni ya miteremko mikali. Mgeni aipitaye hujiuliza udongo washikwaje usiteremke wote hata mtoni. Jibu lake liko katika ngolo, ndiyo mashimo ambayo Wamatengo wameyachimba tangu vizazi vingi. Mvua zikielekea kwisha, yapata mwezi wa Machi, nyasi za shamba lililopumzishwa hufyekwa, zikaachwa kukauka. Kisha hulazwa katika mistari inayokatana, hata mteremko mzima ukawa kama wavu uliotandazwa. Desturi ya zamani ni wanaume kufyeka na kuzilaza nyasi, na wanawake kuchimba udongo wa katikati ya kila mraba, wakaufukia juu ya nyasi hizo. Hivyo pale katikati hubaki shimo, na pande zote hubaki matuta yenye nyasi tumboni mwake. Juu ya matuta hayo hupandwa maharage, na katika mvua zifuatazo hupandwa mahindi.

Katika kazi hii tuna mafunzo mawili. La kwanza ni la zile nyasi. Mkulima mwingine angezichoma moto, akafurahi kuona shamba jeupe. Mmatengo hazichomi, huzilaza chini na kuzifukia, nazo zikioza huwa chakula cha maharage yake. Katika maisha yetu kadhalika yako mambo yaliyoota bila kutakiwa: aibu tuliyopata, mwaka wa njaa, mtihani ulioshindwa, kazi iliyopotea. Mtu aweza kuyachoma kwa hasira, asibakiwe na kitu ila majivu. Au aweza kuyalaza chini, ayafunike kwa subira, na ayangoje mpaka yageuke rutuba. Mwalimu aliyewahi kushindwa hesabu utotoni, akaivumilia mpaka akaijua, mara nyingi ndiye amwelewaye mtoto mzito.

La pili ni la lile shimo. Maji ya mvua yaangukayo juu ya mlima ni yale yale, yawe katika shamba lenye ngolo au katika shamba lisilo nayo. Pasipo shimo maji hukimbia, na kila yanapokimbia huzidi nguvu, mpaka yakaubeba udongo wote. Penye mashimo mengi, kila shimo huyapokea kidogo, yakatulia, yakanywewa na ardhi. Maneno ya hasira ni kama maji hayo. Huanza kwa tone moja juu ya mpaka wa shamba au juu ya mbuzi aliyekula mihogo, yakateremka kutoka kwa mume hata kwa mke, kutoka kwa mke hata kwa jirani, na jioni nyumba mbili hazipeani moto. Heri mtu mwenye mashimo mengi moyoni: husikia neno kali, likatua ndani yake, lisimpite kwenda kwa mwingine. Lakini kumbukeni kwamba ngolo haichimbwi siku ya dhoruba. Mvua kubwa ikiisha kuanza, aliye na jembe na asiye nalo ni sawa. Subira nayo huchimbwa siku za utulivu: kwa sala ya kila siku, kwa desturi ya kusalimiana, kwa kuomba radhi katika mambo madogo. Mtu asemaye, Nitajifunza subira siku nitakapokasirishwa, ni kama mkulima angojaye mafuriko ndipo atafute jembe.

Sasa na tuangalie mbegu. Nyumba nyingi za mashambani zina mahindi yaliyochaguliwa siku ya mavuno, masuke makubwa yenye punje zilizojaa, yakafungwa kwa maganda yake na kutundikwa darini juu ya meko, ili moshi uwafukuze wadudu. Watoto wote wa nyumba hujua kwamba mahindi yale si ya kula. Walakini angalieni jinsi majira yalivyopangwa. Wakati wa kupanda ndio wakati ambapo ghala iko tupu. Mwezi ambao mama ahitaji mbegu kuliko miezi yote, ndio mwezi ambao watoto wake wana njaa kuliko miezi yote. Hutazama juu akayaona mahindi. Hutazama chini akawaona watoto. Hakuna mhubiri aliyepata kuhubiri juu ya kujinyima kwa ukali kama meko yale yahubirivyo.

Mama akiyaacha yale mahindi, hayaachi kwa sababu hana huruma. Huyaacha kwa sababu huruma yake yaona mbali. Yamwona mtoto wa leo, na yamwona pia mtoto yule yule wa mwaka ujao. Katika maisha yako mambo ambayo ni mbegu, si chakula. Neno la kweli ni mbegu. Uaminifu wa ndoa ni mbegu. Jina jema la ukoo ni mbegu. Karani akubaliye hongo ili apate kulipa deni la mwezi huu, hakika amelipa deni. Lakini amekula mbegu, na masika yakija hatakuwa na cha kupanda mbele ya watoto wake.

Hapa lakini yapasa tuseme neno jingine, maana funzo hili lina pande mbili, na watu hupenda kuuonyesha mmoja tu. Ni rahisi kwa mtu mwenye ghala iliyojaa kumsifu mwenye njaa kwa kujinyima kwake. Mbegu iliyotundikwa katika nyumba ya maskini yamwuliza swali jirani yake tajiri: Wewe wangoja nini? Ikiwa mama yule atalazimika kuila mbegu yake hali ya kuwa jirani ana magunia, kosa si la mama. Wazee wetu walijua hivyo, ndiyo maana mtu aliyekopa kibaba cha unga mwezi wa njaa hakutangazwa njiani. Msaada uliotolewa kwa siri kabla mbegu haijaliwa wafaa kuliko mizigo ya msaada iletwayo baada ya shamba kukaa tupu.

Tumekwisha panda, sasa ni palizi. Magugu ni mengi, lakini tutachagua moja, nalo ni kiduha. Wakulima wa mahindi, mtama na uwele walijua vema. Ukiliona kwa mara ya kwanza waweza kulisifu, maana ni jani dogo lenye ua zuri, jekundu mahali pengine na la rangi ya waridi mahali pengine. Lakini kiduha hakijilimii chenyewe. Mzizi wake huushika mzizi wa mhindi chini ya ardhi, ukanyonya maji na chakula chake. Muda mrefu kabla jani lake halijachomoza juu, mhindi umekwisha anza kudhoofika na kuwa manjano, na mwenye shamba hushangaa kwa kuwa haoni adui. Wengine husema wamerogwa. Hata ua litokeapo, hasara imekwisha ingia. Tena mmea mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, nazo zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10, zikingoja mzizi wa kuushika.

Husuda na kinyongo ni kiduha cha moyo. Vyote viwili hufanya kazi chini. Mtu hucheka na ndugu yake, hula naye, huitikia salamu yake, na kumbe chini mzizi mmoja wanyonya mwingine. Siku ua litokeapo, yaani siku ya matusi hadharani au kesi barazani, watu husema ugomvi umeanza leo. Haukuanza leo, leo umetoa ua tu. Na mbegu zake zitalala katika ukoo, hata watoto ambao hawakuwapo wakati wa ugomvi watachukiana, wasijue kwa nini.

Mabwana shamba hutufundisha dawa zake. Ya kwanza ni kung'oa kabla kiduha hakijatoa mbegu, wala si mwaka mmoja, bali mwaka hata mwaka. Mtu akipalilia msimu mmoja kisha akalalamika kwamba kimerudi, hajakielewa adui yake. Dawa ya pili ni kubadili mazao na kuchanganya jamii ya kunde. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, wataalamu wamewaonyesha wakulima kupanda jani liitwalo desmodiamu katikati ya mahindi. Mizizi yake huzifanya mbegu za kiduha zichipuke, nazo zisipopata mzizi wa kuunyonya hufa. Dawa ya tatu ni kuulisha udongo, kwa maana kiduha hustawi hasa katika ardhi iliyochoka.

Dawa hii ya tatu yafaa kufikiriwa sana. Wako watu wapiganao na ubaya wao kwa kung'oa tu. Kila siku hujilaumu, kila siku huapa, na kila siku hushindwa, kwa sababu udongo wa moyo wao umechoka, hawaulishi kitu. Mtu akitaka kuishinda husuda asijilaumu tu, bali amtendee jambo jema yule amwoneaye husuda. Amsaidie kuezeka nyumba, au amtembelee mgonjwa wake. Moyo uliolishwa mema hauna nafasi kubwa ya kiduha.

Na neno la samadi limetufikisha zizini.

Katika Ziwa Viktoria, kaskazini ya Ukerewe, kiko kisiwa cha Ukara. Kisiwa chenyewe ni kidogo, na watu wake ni wengi kwa kadiri ya ardhi waliyo nayo. Nchi nyingine ingekuwa imechoka zamani. Lakini Wakara wamejulikana sana kwa bidii yao: zamani ng'ombe waliwaweka ndani ya nyumba, katika shimo lililochimbwa sakafuni, wakawaletea majani kwa kichwa, na samadi yao waliichukua shambani mwaka baada ya mwaka. Shamba lile lile lilimlisha babu, na mwana, na mjukuu. Msingi wa jambo lote hilo ni kitu ambacho kijana wetu wa chuo hukishika kwa ncha za vidole.

Basi tuwaulize wale wachagua kazi: Ugali mlioula mchana ulitoka wapi? Mungu hakuona vibaya kuupitisha uhai wetu katika samadi. Kazi za huduma nazo ziko hivyo. Kumwogesha mgonjwa asiyeweza kuinuka, kufua nguo za mtoto mchanga, kusafisha choo cha shule, hizo zote ni samadi ya mji. Zikikoma kwa juma moja tu, ndipo watu wajuapo nani alikuwa akiushika mji usianguke.

Walakini samadi ina kanuni yake. Samadi mbichi ikitiwa shinani huunguza mche mchanga. Yapasa irundikwe, ifunikwe, ikae hata joto lake lishuke, ndipo itiwe. Sisi walimu na wazazi tujifunze hapa namna ya kumwonya mtoto. Maneno ya kuonya ni mema, lakini yakitupwa mabichi, saa ile ile ya hasira, tena mbele ya wenzake, huunguza. Yaache yapoe usiku mmoja. Kesho yake mwite mtoto kando, umwambie yale yale kwa sauti ya chini. Maneno hayakubadilika, joto tu limeshuka, nayo yatamlisha.

Tukiwa zizini, na tumtazame mkamaji. Ng'ombe wetu wa kienyeji hatoi maziwa kwa amri. Yapasa kwanza ndama aletwe anyonye kidogo, na mama yake amlambe, ndipo maziwa yashuke. Mkamaji mwenye haraka, amfukuzaye ndama na kumpiga mama, hupata kibuyu kitupu na teke juu yake. Na mkamaji mwerevu hamalizi yote. Humwachia ndama sehemu yake, kwa maana ajua kwamba ndama wa leo ndiye zizi la kesho. Wako watu watakao kukama pasipo ndama. Mwajiri ataka kazi, lakini hataki kujua kama mtumishi wake amekula. Mkubwa wa nyumba ataka heshima, lakini watoto hawajapata kuona upendo wake. Moyo wa mtu ni kama ng'ombe yule: huweza kuyazuia maziwa yake, na fimbo haiyashushi.

Sasa, ndugu zetu, tumefika mahali pagumu, wala haifai kupapita kimya kimya. Kuna mtu anayetusikiliza sasa hivi ambaye amelima kwa wakati, amechagua mbegu, amepalilia mara mbili, amesali, na mvua haikunyesha. Jirani yake mvivu, ambaye shamba lake liko bondeni penye unyevu, amevuna. Mtu huyo atuuliza: Shamba langu lanifundisha nini? Nimjibu nini mwanangu asemaye kwamba kazi na sala havina faida?

Tutamjibu kwa habari ya kweli. Yapata mwaka 1890 na 1891 ugonjwa wa sotoka uliingia katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki kutoka kaskazini. Ng'ombe walikufa, na nyati walikufa, na wanyama wengine wa porini pamoja nao. Katika sehemu nyingi mtu aliyelala na zizi zima aliamka na mizoga, na walionusurika walikuwa wachache mno. Njaa ikafuata. Sotoka haikuuliza nani mwema na nani mbaya. Ilipita katika zizi la mkarimu na katika zizi la mchoyo.

Katika habari hiyo twapata mambo matatu. La kwanza, shamba na zizi si duka ambapo mtu huweka wema mezani akapewa mavuno. Asemaye kwamba jirani yake amekufa ng'ombe kwa sababu ya dhambi zake, amsingizia jirani, na amsingizia Mungu. Mkulima hupanda kabla ya kuijua mvua. Hiyo ndiyo imani yake, wala si biashara. Aliyefanya kazi yake kwa uaminifu na mvua ikamkosa, amekosa mahindi. Uaminifu wake haukukauka, nao ni mali ambayo jirani mvivu hakuivuna bondeni.

La pili ni hekima ya wafugaji wa kale. Katika makabila mengi ya wafugaji mtu hakuweka ng'ombe wake wote mahali pamoja. Aliwagawa kwa rafiki na jamaa, huyu mtamba na yule mtamba, wakawafuga na kunywa maziwa yao. Naye akawafuga wa wengine. Ugonjwa au wezi wakifika, zizi moja liliweza kuisha, lakini mtu hakubaki mtupu. Mchoyo aliyekusanya wote nyuma ya mlango wake alisimama peke yake siku ya msiba. Yaani yale aliyoyatoa mtu ndiyo yaliyombakia, na yale aliyoyashika ndiyo yaliyompotea. Akiba ya kweli huwekwa katika mioyo ya watu. Kwa hiyo, wewe ambaye mvua imekukosa mwaka huu, usione haya kuwaendea wale uliowasaidia. Na wewe uliyevuna, usingoje kuitwa.

La tatu ni mwisho wa habari yenyewe. Kwa muda mrefu watu waliisema sotoka kuwa ni amri isiyopingika. Lakini wako waliokataa kukaa. Yapata mwaka 1960, huko Muguga, karibu na Nairobi, mtaalamu aitwaye Walter Plowright na wenzake walifaulu kutengeneza chanjo njema ya ugonjwa huo. Ndipo ikaanza kazi ndefu ya mabwana mifugo na wafugaji, kupita zizi kwa zizi, nchi kwa nchi, katika jua na tope, kwa miaka mingi. Ugonjwa ulionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2001, nchini Kenya, na mwaka 2011 ilitangazwa mbele ya mataifa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Baada ya ndui, ambayo mwisho wake ulitangazwa mwaka 1980, huo ndio ugonjwa wa pili ambao wanadamu wameufuta kabisa. Wengi waliofanya kazi hiyo hawakujulikana majina. Yule aliyewashika ng'ombe pembe ili wachomwe sindano, na yule mchungaji aliyetembea siku mbili ili zizi lake lisikose, wote walikuwa katika sala moja, ijapokuwa midomo yao haikusema neno. Kuyapokea mapenzi ya Mungu hakuna maana ya kukunja mikono.

Basi twafanyeje na mafunzo haya? Tusiyaache yabaki maneno ya redio. Wewe mwanafunzi, juma hili chagua kazi moja ya nyumbani ambayo huipendi, uifanye mpaka mwisho bila kuambiwa, na ukiisha, ukae kando yake kitambo ujiulize imekuambia nini. Wewe mwalimu, usimpeleke mtoto shambani kama adhabu; mpeleke kama umpelekavyo maktaba, na utangulie mwenyewe na jembe begani. Wewe mzazi, mwanao akikufuata shambani usimpe kazi tu, mpe na maneno. Mwambie kwa nini waacha nyasi zioze, kwa nini mahindi yale hayaliwi, kwa nini ndama hunyonya kwanza. Babu zetu hawakuwa na vitabu vingi, lakini walizungumza wakilima, na mtoto aliyelima kando yao alirudi nyumbani na vitu viwili, mboga mkononi na neno moyoni.

Na wewe ambaye shamba lako limekauka mwaka huu, twakuomba jambo moja tu. Mvua zijazo zikikaribia, ukalitie jembe lako mpini mpya, na uende kwa jirani uombe mbegu. Yeye atakayekupa atakuwa amejifunza funzo lake, nawe utakuwa umejifunza lako.

Tumefikia mwisho wa mazungumzo yetu. Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono yenu, awape mvua kwa wakati wake, na katika mwaka wa mvua na mwaka wa jua asiwaondolee ujirani mwema.